Lubumbashi: Msichana anayecheza mpira si mvulana aliyekosewa

Jioni, katika mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo mjini Lubumbashi, kazi za watoto hugawanyika bila mtu kutoa amri. Wavulana wanachukua mpira wa matambara na kwenda barabarani. Wasichana wanateka maji, wanafagia lupango, wanaosha sahani na kusaidia kupika bukari. Lakini karibu kila barabara ina msichana asiyefuata mpango huo: anapanda mwembe, anapiga mluzi, anakimbiza mpira miguu mitupu pamoja na kaka zake.

Kwa Kifaransa watu humwita «garçon manqué», yaani mvulana aliyekosewa. Wengi husema hivyo kwa kucheka, na wazazi wengine kwa fahari. Hata hivyo jina hilo lina hukumu ndani yake. Linamhesabu kuwa mvulana asiyekamilika, wakati yeye ni msichana kamili anayependa kukimbia. Mbio, nguvu na ujasiri huonekana kuwa mali ya wavulana. Msichana akiwa navyo, ni kama ameviazima.

Na kitu cha kuazima hurudishwa. Akiwa na miaka minane, wengi humwacha acheze. Akianza kuota matiti, mambo yanabadilika: anakatazwa mpira na suruali fupi, anaambiwa hakuna mwanaume atakayemuoa. Kaka yake wa umri karibu sawa anaendelea kucheza. Hasara haiishii kwenye mchezo. Saa ambazo mvulana anapata za kucheza na kurudilia masomo, msichana anazimaliza kwenye maji na jikoni. Siku ya mtihani, wote wawili wanaulizwa maswali yaleyale.

Wazazi wanaokataza wana sababu. Msichana anayechelewa kurudi nyumbani anaweza kukutana na watu wabaya, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kumfungia ndani ni kumwadhibu mtoto kwa makosa ya wengine. Kiwanja cha karibu, saa ya kurudi inayojulikana na mtu mzima anayeangalia vinamlinda msichana, na vinamlinda mvulana pia.

Lubumbashi imekwisha kuona matunda ya wasichana walioachwa wacheze. Mnamo Novemba 2024, nchini Moroko, timu ya wanawake ya TP Mazembe iliishinda AS FAR 1-0 na kutwaa kombe la klabu bingwa za wanawake barani Afrika. Penalti ya Marlène Kasaj ndiyo iliyoleta ushindi. Mguu wa mchezaji hautengenezwi kwa mwaka mmoja. Mtu huanza kuugusa mpira akiwa bado mdogo.

Hata hivyo, msichana hapaswi kuahidi kombe ndipo aruhusiwe kucheza. Wavulana wengi wanaocheza leo hawatavaa kamwe jezi ya Mazembe, na hakuna anayewanyima mpira kwa sababu hiyo.

Sheria nayo iko wazi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, inaagiza serikali kuondoa kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inasema watoto wote ni sawa, na inakataza kumuoza mtoto ambaye hajafikisha miaka 18.

Lakini sheria haigawi kazi za jioni. Wanaozigawa ni baba na mama. Mvulana akiteka maji na kuosha sahani, dada yake anapata saa moja ya kucheza kabla ya giza, na nyingine ya kusoma. Mvulana naye anafaidika: siku atakapoishi peke yake kwa ajili ya masomo au kazi, atajua kujipikia.

Dada yake akirudi nyumbani na vumbi magotini, maji na sabuni vinatosha. Hakuna kingine cha kumsafisha.