Madaftari yalipotea, ubao ukabaki kichwani

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi madaftari yangu yalipotea pamoja na vyeti siku tuliyovuka mpaka wa Mpondwe kurudi nyumbani. Kilichobaki ni kile nilichotia kichwani.

Wazazi wangu walikimbilia Kongo wakati wa mapambano ya Rwenzururu, nami nikasoma Beni. Huko mzee mmoja, mkimbizi mwenzetu, alinifundisha kucheza sataranji bila kutazama ubao. Ubao wake aliuacha njiani akikimbia, lakini mchezo hakuuacha.

Nilidhani ni uchawi. Kumbe ni mazoezi. Ubao una vyumba 64, na kila kimoja kina jina lake, herufi a hadi h na namba 1 hadi 8. Alinifunga kitambaa machoni akaanza kuuliza rangi. a1? Cheusi. e4? Cheupe. Kisha farasi: akiwa g1 na njia ni wazi, anaruka wapi? e2, f3 au h3. Baada ya wiki kadhaa tukacheza hatua tano, halafu kumi.

Tena alinionya nisikariri kete moja moja. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Chase na Simon, walionyesha kuwa bingwa hukumbuka upesi kete zilizopangwa kama katika mchezo wa kweli. Zikitawanywa ovyo, ubingwa huo karibu wote hutoweka. Akili hushika chenye maana. Mama muuza vitenge wa Mpondwe analijua hilo: anakumbuka nani alichukua nini, siku gani, kwa faranga au kwa shilingi.

Mzee alipenda kunisimulia habari za Miguel Najdorf, Myahudi wa Poland. Vita vilipozuka mwaka 1939 alikuwa Argentina mashindanoni, akabaki huko. Mwaka 1947, mjini São Paulo, alicheza na watu 45 kwa pamoja bila kuona ubao hata mmoja. Alishinda 39, akatoka sare 4, akashindwa 2. Alieleza kwamba alitaka habari hiyo ifike Ulaya, ili ndugu zake waliosalia wasome jina lake na kumtafuta. Lakini wazazi, mke, mtoto na kaka zake walikwisha kuangamia mikononi mwa Wanazi.

Mzee akifika hapo alikuwa ananyamaza. Naye alikuwa na watu wasiojulikana waliko.

Niliporudi, ofisi moja Kasese iliniambia kuwa bila cheti mimi si msomi. Nikafanya mtihani upya, nikafaulu. Leo Jumamosi jioni, hapa Bwera, watoto hukaa chini ya mwembe wakiwa wamefumba macho, wakiitana: “Farasi f3!”

Ndugu mfanyabiashara, madeni yako yaandike daftarini. Lakini kichwa nacho kifunze kazi, maana mzigo huo haukaguliwi mpakani.