Helikopta ya Kwanza kwa Mfuko Mdogo

Bei iliyoandikwa kwenye boksi la helikopta ya rimoti ni malipo ya awali tu. Helikopta itaanguka. Itaanguka siku ya kwanza, pengine dakika ya kwanza, na hapo ndipo mnunuzi atakapojua amenunua nini: kitu cha kuokota, kufuta vumbi na kurusha tena, au kitu cha kukaa nacho mezani na bisibisi huku akipiga hesabu. Ndiyo maana swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe hili: ikianguka huvunjika nini, na spea yake inapatikana wapi?

Kuanguka si bahati mbaya, kumo kwenye umbo lenyewe. Panga kuu likizunguka upande mmoja, mwili hutaka kuzunguka upande wa pili, na kinachouzuia ni panga dogo la mkiani. Ndege ya mabawa iliyoundwa vizuri hujinyoosha yenyewe mrushaji akiachia vidole. Helikopta haina huruma hiyo. Ikiinama kidogo kushoto huanza kuteleza kushoto, na isiporudishwa mapema huendelea mpaka ukutani. Waundaji wa ndege za mfano walihangaika nayo kwa miaka mingi, hadi Mjerumani Dieter Schlüter alipoweka rekodi za kuirusha kwa redio mwaka 1970, kisha akaanza kuuza vifurushi vya kuunda helikopta aina ya Cobra. Kwenye kichwa cha panga la helikopta za wakati ule kulipita kifimbo chenye vibapa viwili, kilichokuwa kikipunguza pupa ya mashine ili kidole cha binadamu kiiwahi. Leo kazi hiyo mara nyingi hufanywa na jairo za elektroniki zenye ukubwa wa ukucha, na hapo ndipo bei ziliposhuka.

Helikopta ya bei ya chini kabisa inayostahili kuitwa helikopta ni ya aina ya Syma S107, ambayo kwa miaka mingi imeuzwa kati ya dola 20 na 30. Ina urefu wa sentimita 22 hivi, fremu ya chuma chepesi, na mapanga ya tabaka mbili yanayozunguka kinyume, la juu huku na la chini kule, hivyo nguvu za kuuzungusha mwili hufutana zenyewe. Ili igeuke, tabaka moja huongezewa kasi kuliko lingine. Ili iende mbele, kijipanga kidogo kilicholala mkiani huunyanyua mkia na pua ikainama. Amri ya kwenda ubavuni haipo kabisa. Rimoti yake hutuma mwanga wa infraredi, kama rimoti ya televisheni, kwa hiyo juani huweza kupoteza mawasiliano, na upepo wa feni tu unatosha kuisukuma pembeni. Mtoto wa miaka kumi ataimudu jioni moja. Tatizo ni kwamba ataimaliza jioni hiyo hiyo, kwa kuwa vidole vyake havijajifunza lile jambo gumu, yaani kuirudisha mashine inayoteleza.

Jambo hilo huanzia kwenye panga moja na chaneli nne: kupanda na kushuka, kugeuza pua, kwenda mbele na nyuma, kwenda kushoto na kulia. Mfano uliozoeleka ni WLtoys V911, unaotumia redio ya gigahezi 2.4, haushtushwi na jua, na bei yake haiko mbali sana na ile ya Syma. Ukiutazama kwa karibu utaona ujanja mwingi katika kitu kidogo. Mapanga yake hayakukazwa. Yana bawaba, yakigonga kiti hukunjika kurudi nyuma badala ya kukatika. Kifimbo cha kutuliza kimewekwa kwa nyuzi 45 kutoka kwenye mapanga, na pembe hiyo huifanya iwe tulivu kuliko helikopta nyingi zinazoizidi bei. Na kwa kuwa ni nyepesi mno, huanguka kwenye zulia au nyasi na mara nyingi hakuna kilichovunjika. Kinachochakaa mapema ni mota za brashi, hasa ile ya mkia, na spea yake ni ya senti chache ukilinganisha na mota ya helikopta kubwa.

Mwenye pesa ya chombo kimoja tu aanzie hapo, asihangaike kwingine.

Kuna kundi jipya ambalo wauzaji hulisifu sana, kama Eachine E129: panga moja, chaneli nne, na kipima-hewa kinachoishikilia mashine kwenye kimo kimoja hata ukiachia vidole. Kwa burudani ni zuri. Kwa kujifunza lina walakini, kwa sababu kidole cha kushoto hakifundishwi kupima nguvu, na kidole hicho ndicho kitakachoulizwa maswali siku ya kupanda daraja.

Tofauti kubwa ya bei huanza kwenye pembe ya panga. Helikopta zilizotajwa hadi sasa zina mapanga yenye pembe isiyobadilika. Ili zipande, mota huongeza kasi, na ili zishuke, hupunguza. Jibu lake huchelewa kidogo. Daraja linalofuata lina mapanga yanayobadili pembe yakiwa yanazunguka kwa kasi ile ile, kwa hiyo mashine huitikia papo hapo, na pembe ikigeuzwa kuwa hasi helikopta huruka chali, magurudumu au miguu ikitazama mawinguni. Gharama yake iko kwenye vijiti, viungo na mota ndogo za servo zinazoinamisha sahani iliyo chini ya mapanga. XK K110 ni mlango wa bei nafuu wa daraja hili: chaneli sita, mota kuu isiyo na brashi, na swichi ya kuchagua hali ya kujinyoosha au hali huru. Huelea kwenye dola 100 hivi, na hukubali rimoti za Futaba za mfumo wa S-FHSS, jambo linalomfaa mtu anayetaka rimoti moja imtumikie miaka mingi.

Mitego iko juu ya hapo. Vijana wengi huona picha ya Align T-Rex 450 ya Taiwan, iliyotikisa mchezo huu katikati ya miaka ya 2000, wakaona fremu inauzwa kwa bei isiyotisha. Fremu hiyo bado inadai servo nne, kidhibiti cha mota, jairo, rimoti na kipokezi chake, chaja ya maana na betri ya seli tatu. Ikianguka mara moja tu huweza kuondoka na mapanga, shafti kuu, shafti ya kichwa, gia kubwa na bomba la mkia kwa mkupuo. Isitoshe ni hatari. Panga lenye kipenyo cha sentimita 70, likizunguka mara 2,500 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Septemba 2013, katika bustani moja ya Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya mfano, iliyokuwa kubwa kuliko hiyo, na hakuwa mgeni katika mchezo.

Pesa inayobaki baada ya kununua ndogo iende kwenye mazoezi. Programu za kuigiza urushaji, kama RealFlight na HELI-X, huunganishwa na rimoti halisi kwa waya wa USB, na huko kuanguka hutibiwa kwa kubonyeza kitufe. Somo la kulikazania ni kuelea helikopta ikiwa imekutazama. Mkia ukiwa upande wako, kulia kwake ni kulia kwako. Pua ikikugeukia, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na mkono hukataa kuamini kile ambacho kichwa kinajua. Kabla ya kuagiza, hakikisha pia mpangilio wa rimoti. Modi 2, yenye nguvu mkono wa kushoto, ndiyo inayotumiwa Marekani na wengi wanaoanza; kwenye rimoti za bei ya chini si rahisi kubadili baadaye.

Betri za lithiamu polima zina masharti yasiyo na mjadala. Seli moja hujaa kwa volti 4.2, haishushwi chini ya volti 3, na ikilazwa kwa wiki kadhaa huachwa kwenye volti 3.8 hivi. Haichajiwi usiku watu wamelala. Kwenye ndege betri za akiba huenda kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, na ndiyo sababu vifurushi vyenye betri husumbua kwenye posta. Agiza mapanga, gia na betri mbili pamoja na helikopta yenyewe. Duka la Kariakoo laweza kuwa na rafu nzima ya helikopta na lisiwe na panga moja la akiba. Kenya na Tanzania pia zina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani, chini ya mamlaka zao za usafiri wa anga, KCAA na TCAA, kwa hiyo ulizia kibali kabla mzigo haujafika forodhani.

Mwenye kununua ya mkononi akague kwa vidole kabla ya kuiona ikiruka. Shika mapanga mawili uyatikise juu na chini: yakicheza, kichwa kimelegea. Zungusha shafti kuu taratibu na uitazame kwa pembeni. Iliyopinda hujionyesha kwa kuyumba. Pitisha ukucha kwenye meno ya gia kubwa kuanzia la kwanza hadi unaporudi ulipoanzia, maana jino moja lililokatika hutosha kuiangusha. Betri iliyovimba isihesabiwe kwenye bei, hata muuzaji akiapa kwamba bado inashika chaji.