Fahamu: Msimamizi wa mirathi si mmiliki wa mali

Matanga yakiisha, swali la fedha huanza. Marehemu kaacha akaunti ya benki, laini ya simu yenye salio, kiwanja na deni la duka. Nani aguse nini?

Tanzania Bara, pata kwanza cheti cha kifo, kinachotolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kisha ukoo hukaa kikao, huandika muhtasari na kupendekeza msimamizi. Kikao hicho hakimpi mtu mamlaka. Mamlaka hutoka mahakamani. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na maombi hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Hapa ndipo familia nyingi huumizana. Kaka mkubwa anateuliwa, anahamia nyumba ya marehemu, anapokea kodi ya wapangaji, mjane anaambiwa asubiri. Huo ni uonevu. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, halafu kugawa kwa warithi. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne kurudisha Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, kisha Fomu Na. 6, hesabu ya mapato, malipo na mali alizogawa, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Asipofanya hivyo, mrithi yeyote anaweza kwenda mahakamani kuomba uteuzi wa msimamizi ufutwe.

Na ile namba ya siri ya simu ya marehemu mnayoijua nyumbani? Msiitumie kutoa pesa, hata za mazishi. Salio hilo nalo ni mirathi, na linadaiwa kwa barua ya usimamizi.