Lebo za Kasi ya Kichakataji katika Mfumo Endeshi: Suala la Kivumishi na Njeo

Kasi ya kichakataji cha kompyuta hupimwa kwa idadi ya mapigo ya saa yake ya ndani katika sekunde moja. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1. Kiwango hicho kilipokuwa hakibadiliki, istilahi moja, yaani kasi ya kichakataji, ilitosheleza. Vichakataji vya leo hupunguza mapigo ili kuokoa umeme na huyaongeza kazi inapokuwa nzito. Makala haya yanabainisha namna lebo zinavyoweza kupotosha hata pale tarakimu zinapokuwa sahihi.

Mfano wa kwanza unahusu kivumishi. Task Manager ya Windows 8 ilikiita kiwango cha kawaida cha kichakataji kasi ya juu kabisa. Kichakataji kilipojiongezea mapigo, mtumiaji alisoma kasi iliyozidi hiyo "ya juu kabisa". Vipimo havikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika jina. Matoleo ya baadaye ya Windows 10 yalirekebisha lebo hiyo kuwa kasi ya msingi.

Mfano wa pili unahusu njeo. Vichakataji vingi vya Intel na AMD vina vihesabio viwili: kimoja huongezeka kwa kiwango kisichobadilika, kingine kwa kufuata mapigo halisi. Linux huweza kuvisoma mara mbili, ikagawanya ongezeko la kihesabio cha pili kwa la kile cha kwanza, kisha ikazidisha jawabu kwa kiwango kisichobadilika. Kiwango hicho kikiwa gigahezi 2.4 na uwiano ukiwa 1.25, jawabu ni gigahezi 3. Vihesabio hivyo husimama kichakataji kinapopumzika. Kwa hiyo jawabu ni wastani wa muda wa kazi uliokwisha kupita, na kuuita kasi ya sasa ni kudai zaidi ya kilichopimwa.

Kiswahili kina nyenzo ya kuliepuka dai hilo. Kirejeshi chenye njeo ya wakati uliopita, kama katika kasi iliyopimwa, hubeba taarifa ya wakati ndani ya neno lenyewe. Istilahi tatu zinafaa: kasi ya msingi, kasi ya kilele na kasi iliyopimwa. Neno masafa, ijapokuwa limezoeleka katika redio, humaanisha pia umbali, hivyo linaweza kumkanganya msomaji. Bila utofautishaji huu, mnunuzi anayeona gigahezi 0.8 kwenye kompyuta iliyotulia anaweza kudhani ametapeliwa, ilhali mashine yake ni nzima.