Herufi R.A.B.: Nadharia ya Wasomaji na Ushahidi wa Tafsiri

Kitabu cha sita cha Harry Potter, kazi ya J. K. Rowling, kilipotoka mwaka 2005, kiliacha fumbo: kidani bandia chenye barua iliyotiwa saini R.A.B. Wasomaji wengi walimtaja Regulus Black, kwani kitabu cha tano (2003) kilikwisha kudokeza kidani kisichofunguka nyumbani kwa akina Black, na kifo cha kijana huyo aliyejaribu kujitoa katika kundi la Voldemort. Hoja hiyo ilijengwa juu ya matini yenyewe.

Tafsiri ziliongeza ushahidi wa aina nyingine. Wafasiri kadhaa walikuwa wamelifasiri jina la ukoo kwa maana ya weusi. Hivyo saini ikawa R.A.Z. katika Kiholanzi (Zwarts), R.A.S. katika Kinorwei (Svaart) na R.A.M. katika Kifini (Musta). Kitabu cha saba (2007) kilithibitisha.

Hata hivyo, herufi zilitambulisha mtu tu, wala hazikueleza kitendo. Regulus aliasi kwa ajili ya Kreacher, mtumwa wa nyumbani mwao aliyeachwa afie pangoni. Mhakiki aliyefuatilia jinsi vitabu hivi vinavyosawiri utumwa alikuwa karibu zaidi na jibu hilo, hata kama hakujua neno moja la Kifini.