Spidista ya Nakala na Uhuru wa Fundi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi Ferry Porsche na wasaidizi wake, wakiwa Gmünd katika milima ya Austria mwaka 1948, walivyochukua viungo vya Volkswagen, gari alilolisanifu baba yake Ferdinand na ambalo Watanzania wengi hulijua kwa jina la mgongo wa chura, wakaviundia bodi nyembamba na kuliita gari hilo 356. Tukaeleza kadhalika kwamba mwaka 1954, kwa shauri la Max Hoffman, mfanyabiashara wa New York aliyetaka gari jepesi la bei nafuu, ilitoka Spidista, yenye kioo kifupi cha mbele, turubai mahali pa paa, na bei isiyofika dola 3,000. Leo tuingie gereji.

Spidista asilia ni adimu, na thamani yake imepanda hata mwenye nayo huogopa kubadili skrubu moja. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970, karakana za California, Intermeccanica ikiwa mojawapo, zilianza kufinyanga bodi za faiba zenye umbo lile lile na kuziketisha juu ya chasisi ya Volkswagen. Wapo waungwana wanaoliita gari la namna hiyo ghushi. Mimi sikubaliani nao, maadamu muuzaji hamfichi mnunuzi hakika ya kitu anachokiuza. Tena naona nakala imejaliwa fadhila ambayo asili imenyimwa, kwamba fundi aweza kuikata, kuitoboa na kuipaka rangi aitakayo, wala asiwe amedhulumu athari ya kale isiyokuwa na badili.

Kazi huanzia chini. Chasisi ya mgongo wa chura ni sakafu ya bati yenye mfereji katikati mithili ya uti wa mgongo, na bodi hufungwa juu yake kwa bolti, hivyo huvuliwa nzima. Masafa baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,400, ilhali ya Porsche 356 ni 2,100. Kwa hiyo anayetaka nakala yenye uwiano sahihi hana budi kukata takriban sentimita 30 za sakafu na kuunganisha upya. Hapo ndipo mafundi wenye haraka huaibika. Ndani ya mfereji ule hupita fimbo ya gea, mirija ya nyaya za klachi na za mafuta, na bomba la petroli; vyote sharti vipunguzwe kwa kipimo kimoja, na fimbo ya gea ichomelewe ikiwa imenyooka kabisa, la sivyo dereva atatafuta gea ya pili akaangukia ya nne. Kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea, fundi mwenye busara hufunga vyuma vya kushikilia pande zote mbili, kisha hupima kwa utepe kutoka pembe hadi pembe, kimshazari, mara hii na mara ile. Vipimo viwili hivyo vikihitilafiana, gari litakwenda upande maisha yake yote, na hakuna rangi itakayoficha jambo hilo.

Sasa tuje kwenye pambo. Mtindo ambao Wamarekani huuita hotirodi ulishamiri kusini mwa California kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, pale vijana wasiokuwa na fedha za kununulia magari ya mbio walipochukua Ford kuukuu, hasa lile la mwaka 1932 lenye injini ya silinda nane, wakaling'oa madigadi na bampa ili lipungue uzito, kisha wakaenda kushindana katika sakafu za maziwa yaliyokauka kama Muroc. Kila kilichokuja kuitwa urembo, hapo awali kilikuwa na sababu yake. Mistari ya matundu juu ya kifuniko cha injini, iliyopangana kama mbavu za samaki, ilitoa joto. Matairi ya nyuma yalikuwa makubwa ili gari lishike ardhi na kwenda kasi. Katika Spidista ya nakala, ambayo injini yake hukaa nyuma na kupozwa kwa hewa bila ya maji, matundu yale yana faida ya kweli. Walakini ndimi za moto zinazochorwa ubavuni naziona ni upuuzi uliokwisha kuchujuka, na rangi moja iliyofifia, pamoja na uzi mwembamba wa rangi ya pili uliochorwa kwa mkono, yatosha.

Huku kwetu Kivukoni, ambako daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero limeshika nafasi ya pantoni, msomaji atauliza gari la chini namna ile litapita wapi. Swali ni la haki. Juu ya lami litapita; katika udongo mweusi wa bonde wakati wa masika halitapita, ikiwa fundi ameshusha mbele kwa kufuata picha za Marekani. Shauri langu ni kuliacha katika kimo cha mgongo wa chura, ambalo ukakamavu wake haukanushiki: mashindano ya Safari, yaliyoasisiwa mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen iliyashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Fauka ya hayo, chini ya matundu ya kifuniko pawekwe sinia la bati lenye mrija wa kumwagia maji pembeni, kwani mvua ikilowesha distibyuta gari huzima njiani.

Wala mtu asidhani kwamba sanaa hii ni ngeni nchini. Chai maharage za Dar es Salaam, zile pikapu zilizowekewa mabenchi ya kutazamana ili zichukue abiria, zilikuwa kazi ya mafundi wetu wenyewe, waliobadili umbo la gari kwa kadiri ya haja.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia breki na kabureta, pamoja na kadi ya gari, maana rangi na namba ya injini huandikwa humo, na mwenye kuvibadili yampasa kwenda TRA. Kwa sasa namsihi msomaji mwenye chasisi ya mgongo wa chura nyuma ya nyumba asiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.