Kumpa Mwanao Shamba Bila Kutumia Pesa Nyingi

Mzazi mwenye ekari tano za mahindi Moi's Bridge akitaka kuwagawia wanawe, huwaza gharama, kisha huahirisha. Kuahirisha ndiko hugharimu zaidi. Akifariki hatimiliki ikiwa kwa jina lake, familia italazimika kufungua kesi ya mirathi na kusubiri, kwa kawaida miezi sita baada ya hati ya usimamizi kutolewa, ndipo mgao uthibitishwe. Chifu akiandikiwa orodha ya warithi, binti walioolewa nao watajwe. Mtoto akifichwa, mahakama inaweza kufuta hati hiyo na kazi ianze upya.

Mzazi akiwa hai njia ni fupi. Tangu sheria ya mali ya ndoa ya 2013, shamba la familia halipeanwi bila ridhaa ya mume au mke. Na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, ombi hupelekwa kwa bodi ya ardhi katika muda wa miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini ya bodi makubaliano ni batili, hata yakiandikwa mbele ya wazee wa kijiji. Kikao maalum cha bodi hulipiwa zaidi. Asiye na haraka angoje kile cha kawaida.

Kwenye kodi, ni rahisi kulipa usichodaiwa. Mume na mke wakihamishiana ardhi hawalipi ushuru wa stempu. Mzazi akimpa mtoto, ushuru upo: asilimia 2 ya thamani iliyokadiriwa na mthamini wa serikali kwa ardhi ya mashambani, na 4 kwa ardhi ya manispaa. Lakini kodi ya asilimia 15 ya faida ya kuuza mali haitozwi anayempa mkewe, mumewe au mtoto wake. Ukiambiwa uilipe, uliza KRA kwanza.

Mzigo mkubwa zaidi huwa ni kukata shamba vipande: mpimaji, kibali cha mipango kutoka kaunti, na hatimiliki kwa kila kipande. Si lazima. Watoto watatu wanaweza kuandikwa kwenye hatimiliki moja, kila mmoja na thuluthi yake, ambayo wanawe wataweza kuirithi. Hakuna atakayeuzia mtu wa nje fungu lake bila wenzake kukubali kwa maandishi, ingawa hawaruhusiwi kukataa bila sababu ya maana. Ndugu wasiosikizana, hata hivyo, afadhali wagawanyiwe mapema.

Hata kwenye mirathi hesabu ni hiyo hiyo: shamba likirithiwa likiwa zima, idhini ya bodi haihitajiki, likigawanywa katika hatimiliki mbili au zaidi, inahitajika.

Kabla ya yote, ulizia katika ofisi ya ardhi ya kaunti kama ploti au shamba lako lina deni la kodi ya ardhi. Deni likiwepo, hutapata cheti cha kutodaiwa hadi ulimalize. Kila malipo yafanywe kwa njia rasmi, na risiti uitunze.